Mafindofindo Chini ya Kisu

Mwambie mtoto apanue kinywa aseme "aaa", kisha ummulike kwa tochi ya simu. Katikati, juu ya shina la ulimi, utaona kinyama kinachoning'inia. Hicho ni kimeo, na hakina hatia katika habari hii, ingawa tutakirudia kwa sababu kimekuwa kikiadhibiwa bure. Tazama kushoto na kulia kwake. Pale ukutani mwa koo, katikati ya mikunjo miwili ya nyama laini, yamekaa mafindofindo, ambayo wengi mtaani huyaita tonsesi. Uso wake una vishimo vishimo, na kwa mtoto wa miaka 4 au 5 yanaweza kuwa makubwa hata yakakaribia kugusana bila yeye kuumwa chochote. Nyama za puani hutaziona hata umulike vipi. Zimejificha juu, nyuma ya kaakaa laini, pale pua inapokutana na koo.

Mwaka 1884 mwanaanatomia wa Ujerumani, Wilhelm von Waldeyer, alieleza kwamba mafindofindo, nyama za puani na nyama nyingine ndogo za shina la ulimi ni duara moja linalozunguka mlango wa njia ya hewa na chakula. Kinachoingia kwa pumzi au kwa tonge lazima kipite hapo. Vijidudu vinavyonasa kwenye vile vishimo hukutana na chembe nyeupe za damu, nazo hujifunza kuvitambua na kuvitengenezea kingamwili. Kazi hii ni nzito zaidi miaka ya mwanzo ya maisha, ndiyo maana nyama hizi hunenepa utotoni kisha zikanywea. Nyama za puani huanza kupungua mtoto akikaribia miaka 7, na watu wazima wengi hawana tena za kutajika.

Kwa nini basi zikatwe? Leo sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kuziba njia ya hewa. Mtoto anakoroma kila usiku, analala kinywa wazi, pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Anaamka amechoka, darasani anasinzia au hatulii. Nyama za puani zikiziba mdomo wa ule mrija unaounganisha koo na sikio la kati, majimaji hujikusanya nyuma ya kiwambo cha sikio na mtoto anaanza kusikia kwa shida. Mzazi hudhani ni ukaidi. Sababu ya pili ni maambukizi ya koo yanayojirudia, na hapa kuna kipimo kilichotokana na kazi ya Jack Paradise na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, waliotoa matokeo yao mwaka 1984: upasuaji ufikiriwe mtoto akiugua koo kwa uzito unaothibitishwa na daktari mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Chini ya hapo, wengi hupona wenyewe kadiri wanavyokua.

Kuyatoa mafindofindo ni wazo la kale sana. Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba yakiwa yamekakamaa yakwanguliwe pembeni kwa kidole mpaka yang'oke. Yakigoma, yashikwe kwa ndoana na kukatwa kwa kisu, kisha kidonda kisafishwe kwa siki. Huko Andalusia, al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki karibu mwaka 1013, alieleza jambo hilo kwa utulivu wa mtu aliyelifanya kwa mikono yake. Mgonjwa akae akilielekea jua, msaidizi akandamize ulimi kwa kifaa maalumu, daktari alichome findo kwa ndoana, alivute, alikate kwa chombo chenye makali mawili yaliyopinda. Mwanga, ulimi uliotulizwa, nyama iliyovutwa mbali na ukuta: thieta za leo bado zinahangaikia mambo hayo hayo matatu.

Kilichowatisha waganga wote hao ni damu. Findo moja hupata damu kutoka matawi ya mishipa kadhaa ya ateri, na sentimita chache nyuma yake unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Kidonda chenyewe kiko mahali ambapo huwezi kukifunga bandeji, na damu inayotoka inaelekea kwenye njia ileile ya pumzi. Kwa hiyo kwa karne nyingi sifa ya fundi ilikuwa kasi. Mwaka 1828 Philip Syng Physick wa Philadelphia alichukua kifaa kilichotengenezwa kukatia kimeo, akakigeuza kiweze kukata findo. Kilikuwa na pete ya chuma ambamo findo huingizwa, na kisu kinachoteleza juu ya pete hiyo na kulikata kwa mkupuo mmoja. Morell Mackenzie wa London akakiboresha, na chombo hicho kikaenea Ulaya na Marekani. Upasuaji ukawa wa sekunde chache, mara nyingi mtoto akiwa ameketi kitini, amefungwa shuka mikono isitoke.

Tatizo la pete ni kwamba inakata kinachochomoza tu. Shina la findo hubaki ndani, na shina hilo linaweza kuota tena au kuendelea kuugua.

Nyama za puani zilichelewa kujulikana kwa sababu hakuna aliyeziona. Aliyezigundua hakuziona pia, alizigusa. Wilhelm Meyer, daktari wa Copenhagen, alimpata mgonjwa wa kike kijana aliyekuwa hasikii vizuri na akiongea kwa sauti iliyoziba. Akapitisha kidole nyuma ya kaakaa, akapandisha juu, akakuta uvungu unaopaswa kuwa wazi umejaa manyama laini. Akatengeneza kisu kidogo chenye umbo la pete, akakipitisha puani huku kidole chake kikiwa kooni kukiongoza, akazikwangua. Mwaka 1868 alichapisha maelezo yake kwa Kidanishi, na ndani ya miaka michache madaktari wa nchi nyingine wakaanza kutia vidole kwenye makoo ya wagonjwa wao na kukuta kilekile. Watoto waliokuwa wakihesabiwa wazito wa akili kwa sababu ya kinywa wazi na masikio mazito walianza kupata msaada. Kwangu mimi hilo ni tendo kubwa kuliko uvumbuzi wa chombo chochote katika historia hii: daktari aliyekataa kuamini kwamba mtoto ni mjinga kabla hajamchunguza kwa kidole.

Baada ya Meyer kukaja kikwanguo cha mpini mrefu kinachopita kinywani badala ya puani. Dawa za usingizi zilikuwapo tangu miaka ya 1840, lakini kwa operesheni iliyohesabiwa kuwa ndogo wengi hawakujisumbua nazo. Roald Dahl, aliyekuja baadaye kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell jijini Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Pili, ameeleza katika kitabu chake cha kumbukumbu za utotoni jinsi daktari wa Norway alivyomkwangua nyama za puani mwaka 1924. Alikuwa na miaka kama 8, akiwa macho, bila ganzi, na akarudi nyumbani kwa miguu pamoja na mama yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 fikra zilibadilika. Badala ya kulifyeka findo juu juu, litolewe zima pamoja na utando unaolifunika. Samuel Crowe wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alichapisha mwaka 1917 taarifa ya operesheni 1,000 zilizofanywa kwa uangalifu wa namna hiyo, mgonjwa akiwa amelazwa na kupewa usingizi. Chuma cha kupanulia kinywa chenye jina lake bado kinatumika.

Tuingie thieta tuone njia hiyo, kwa kuwa ndiyo inayotumika katika hospitali nyingi za kwetu. Mtoto amelala chali, mto umewekwa chini ya mabega ili kichwa kianguke nyuma. Kwa mkao huo damu hukusanyika juu upande wa pua, mbali na mapafu. Mpira wa kupumulia uko kooni, umebanwa juu ya ulimi na ulimi wa chuma wa kile kipanua kinywa. Daktari anaketi upande wa kichwa cha mtoto, kwa hiyo kila kitu anakiona juu chini. Analibana findo kwa koleo, analivuta kuelekea katikati, na pale mkunjo wa mbele unapojikaza anachana ngozi laini kwa makasi, mchano mfupi sana. Chini yake panatokea utando mweupe unaong'aa. Akiupata huo, kazi imenyooka: anasukuma misuli pembeni kwa chuma butu, nalo findo linabanduka taratibu kama ganda la chungwa lililoiva. Akiukosa utando, anajikuta ndani ya msuli, na msuli hutoa damu na huuma wiki nzima. Findo linabaki limeshikwa na shina la chini tu. Hapo anapitisha kitanzi cha waya, anakikaza, linakatika. Anajaza shashi kwenye shimo, anakandamiza na kusubiri dakika kadhaa, kisha anaitoa na kukagua. Mshipa unaoendelea kutoa damu anaufunga kwa uzi, fundo likisukumwa kwa ncha ya kidole ndani kabisa ya koo la mtoto.

Kwa nyama za puani, kwanza anapapasa kaakaa kwa kidole. Kuna watoto ambao mfupa wa kaakaa lao umepasuka chini ya ngozi bila mtu kujua, na nyama za puani ndizo zinazosaidia kuziba mwanya wakati wa kuongea. Ukizitoa zote, mtoto huyo ataongea kwa puani maisha yake yote. Hali ikiwa salama, kikwanguo kinapita nyuma ya kaakaa, kinaegemezwa juu, kinashushwa kwa mkokoto mmoja thabiti. Kazi hii ya kubahatisha inazidi kuachwa penye uwezo. Daktari huweka kioo kidogo kooni, au kamera nyembamba inayopita puani, akaziunguza huku akizifyonza, au akazisaga kwa kichonga kidogo kinachozunguka na kufyonza papo hapo, akiona anapokata na anapoacha.

Kabla ya kumwamsha mtoto kuna ukaguzi mmoja usiorukwa. Daktari anafyonza nyuma ya kaakaa, juu kule, kuhakikisha hakuna bonge la damu lililojificha. Bonge hilo likiachwa, mpira wa kupumulia ukishatolewa linaweza kudondoka na kuziba koromeo. Madaktari wa Kiingereza wamelipa jina la ofisa anayechunguza vifo vya ghafla, kwa sababu wa zamani walilikuta wakati wa kuchunguza maiti.

Ufundi ulipokamilika, ulitumika kupita kiasi. Miongo ya kwanza ya karne ya 20 ilitawaliwa na imani kwamba usaha uliofichika kooni ndio chanzo cha maumivu ya viungo, magonjwa ya figo na mengi mengine. Mwaka 1934 Jumuiya ya Afya ya Mtoto ya Marekani ilichukua watoto 1,000 wa shule za New York wenye umri wa miaka 11. Kati yao 61 kwa kila 100 walikwisha kukatwa. Waliobaki wakapelekwa kwa madaktari, ambao walishauri 45 kwa kila 100 kati yao wakatwe. Wale walioambiwa wako salama wakapelekwa kwa madaktari wengine, nao wakashauri 46 kwa kila 100 wakatwe. Waliosalimika wakapelekwa mara ya tatu, na 44 kwa kila 100 wakaambiwa wanahitaji kisu. Kufikia hapo, katika watoto 1,000 walikuwa wamebaki 65 tu ambao hawajakatwa wala kushauriwa kukatwa. Madaktari hao hawakuwa matapeli. Walizoea kwamba karibu nusu ya watoto wanaoletwa wana kasoro, wakaitafuta nusu hiyo kila mara.

Uingereza nako J. Alison Glover alionyesha mwaka 1938 kwamba mtoto wa wilaya moja aliweza kuwa na uwezekano mkubwa mara nyingi wa kukatwa kuliko mwenzake wa wilaya jirani, bila tofauti ya hali ya hewa wala umaskini kueleza jambo hilo. Hornsey, kaskazini mwa London, alipobadilishwa daktari wa shule tu, operesheni ziliporomoka kwa takriban mara kumi. Hakuna ushahidi kwamba watoto wa Hornsey waliugua zaidi baada ya hapo.

Siku hizi ubishi umehamia kwenye vifaa. Dayathemia hukata na kuunguza mishipa kwa umeme, na thieta hubaki kavu. Kisu cha mawimbi ya sauti hutetemeka zaidi ya mara 55,000 kwa sekunde na kugandisha damu huku kikikata. Koblesheni hupitisha umeme katika maji ya chumvi mpaka ukatokea ukungu wa chembe zenye chaji, plazima, unaovunjavunja nyama kwa joto la nyuzi 40 hadi 70, ilhali dayathemia hufika mamia ya nyuzi. Wauzaji wa vifaa hivi huahidi damu kidogo na maumivu kidogo. Damu ya mezani kweli hupungua. Ya baadaye ni habari nyingine.

Mwaka 2001 England ilipata somo ghali. Protini zinazoambukiza toleo la binadamu la ugonjwa wa ng'ombe kichaa zilikuwa zimekutwa kwenye mafindofindo ya wagonjwa, na kuchemsha vyombo hakuziui kwa uhakika. Januari ya mwaka huo ikaamriwa kila chombo kitumike mara moja na kutupwa. Vyombo vya kutupwa vilikuwa hafifu, wagonjwa waliovuja damu wakaongezeka, na Desemba vyombo vya zamani vikarudishwa. Kisha wakafanya jambo la heshima: wakahesabu. Kati ya 2003 na 2004 walifuatilia wagonjwa zaidi ya 33,000 wa England na Northern Ireland. Kwa ujumla wapatao 3.5 kwa kila 100 walivuja damu baada ya upasuaji. Waliokatwa kwa chuma baridi na kufungwa kwa uzi au shashi, bila moto wowote, ndio waliovuja kidogo zaidi. Waliokatwa na kuzuiwa damu kwa dayathemia au koblesheni walikuwa katika hatari karibu mara tatu ya hiyo.

Nayasema haya kwa msisitizo kwa sababu nimewasikia wazazi wakiomba radhi kwamba wana uwezo wa hospitali ya rufaa ya mkoa tu, "ambako bado wanatumia makasi". Makasi na uzi mikononi mwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo si njia ya maskini. Cha kuulizia ni kama kuna daktari wa usingizi aliyezoea watoto, kama damu ya akiba ipo, na kama thieta hiyo hufunguliwa saa 8 usiku.

Mabadiliko ninayoyaona ya maana zaidi ni kukata pungufu. Kwa mtoto ambaye tatizo lake ni kuziba, na si maambukizi, daktari anaweza kuchonga findo na kuacha utando wake na tabaka jembamba juu ya msuli. Mishipa mikubwa haiguswi, msuli haufunuliwi. Sweden imelifanya jambo hilo kuwa kawaida kwa watoto wanaokoroma. Mtoto huanza kula mapema na huvuja damu kwa nadra. Gharama yake ni kwamba kwa wachache nyama itaota tena. Na kuna wanaoweza kusubiri. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uligawa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye kukatika pumzi usingizini. Baada ya miezi 7, vipimo vya usingizi vilirudi kawaida kwa watoto 79 kwa kila 100 waliokatwa, na kwa 46 kwa kila 100 waliosubiri. Waliokatwa walitulia zaidi na kulala vizuri zaidi, ila kwenye majaribio rasmi ya umakini makundi hayo mawili hayakutofautiana.

Kwetu kuna mambo ya ziada. Mtoto mwenye seli mundu mara nyingi ana mafindofindo makubwa, na kukosa hewa usiku humletea madhara kuliko mwenzake. Anaweza kufanyiwa upasuaji, lakini wingi wa damu, maji mwilini na oksijeni viandaliwe kabla, kwa hiyo anayemfanyia vipimo ajue hali hiyo mapema. Na kuna kimeo. Tanzania, Kenya na Ethiopia bado watoto wachanga hupelekwa kwa mkata kimeo kwa sababu ya kikohozi, kutapika au kudhoofu. Kikohozi hicho huwa ni nimonia, kifua kikuu, pumu au mafua tu, nacho kimeo kikishakatwa ugonjwa unaendelea na juu yake kinakuja kidonda kinachotoka damu, kinachoweza kuingiwa na pepopunda au virusi kwa kisu kilichopita vinywa vingine. Bibi anayempeleka mjukuu huko anampenda. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kwa adabu, mapema, kwamba hospitali ndiko kikohozi kinakotibika.

Mtoto akirudi nyumbani, siku ya pili utaona pale palipokuwa na findo pana utando mweupe wa kijivu unaonuka. Si usaha. Ni tabaka la uponyaji, usilikwangue wala kulisugua kwa chumvi. Mpe maji, maziwa baridi, uji uliopoa, aiskrimu ikiwepo, na mhimize atafune, kwa kuwa kutafuna huizuia misuli isikakamae. Maumivu mara nyingi huzidi kati ya siku ya 3 na ya 7, na hapo mzazi hushtuka akidhani mambo yameharibika. Parasetamoli kwa saa zake, pamoja na ibuprofeni daktari akiridhia. Aspirini hapana. Kodeini nayo hapana: mamlaka ya dawa ya Marekani iliipiga marufuku kwa watoto baada ya upasuaji huu mwaka 2013, kwa sababu ini la baadhi ya watu huigeuza kuwa mofini haraka mno na mtoto akaacha kupumua usingizini. Nchini Ethiopia, wenye maumbile hayo walikutwa kuwa karibu 3 kati ya 10.

Kati ya siku ya 5 na ya 10 ule utando hubanduka, na hapo ndipo damu hurudi. Mtoto wa kilo 15 ana damu takriban lita 1.2 tu mwilini, na inayotoka kooni huimeza, kwa hiyo mto unaweza kuwa safi. Sikiliza anavyolala. Akiwa anameza meza mfululizo, akitapika kitu cheusi, au ukiona wekundu mbichi kwenye mate, mpeleke hospitali usiku huohuo bila kumpa chakula wala kinywaji, hata damu ikiwa imekatika njiani, kwa sababu kutoka kidogo kidogo mara nyingi hutangulia kutoka kwingi.